Hekima Itapatikana Wapi? Mipaka ya Kujua katika Ayubu, Mithali na Mhubiri

Mithali 2:4 inamwagiza kijana aitafute hekima kama mtu atafutavyo fedha, kama hazina iliyofichwa ardhini. Ahadi iko wazi: tafuta, utapata. Ukifungua Ayubu 28 unawakuta watu wanaoichimba fedha yenyewe. Wana taa, wanapasua mwamba, na wanarudi juu na fedha, dhahabu, shaba na chuma. Hekima hawarudi nayo. Mhubiri naye anasema aliazimia kuwa na hekima, lakini ikawa mbali naye (7:23). Vitabu hivi vitatu viko katika sehemu moja ya Biblia ya Kiebrania, ile iitwayo Maandiko, inayofuata baada ya Torati na Manabii. Vyote ni vitabu vya hekima. Lakini vikiulizwa kama binadamu anaweza kuifikia, kila kimoja kinajibu kivyake.

Jibu lililozoeleka katika mahubiri mengi ni kwamba hekima ya dunia ni bure na ya Mungu ndiyo ya kweli. Jibu hilo ni fupi mno, na maandiko yenyewe hayalikubali. Katika Kutoka 31:1-5 Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, anajazwa hekima ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito na kuchora mbao. Ustadi wa mikono unaitwa hekima, na unatoka kwa Mungu. Kwa kipimo hicho wachimbaji wa Ayubu 28 wana hekima tele. Wanachokikosa ni kitu kingine. Ni kitu gani, kwa nini hakipatikani, na aliyekikosa afanye nini? Mkanganyiko mwingi unatokana na kuyajibu maswali hayo matatu kana kwamba ni moja.

Ndani ya mgodi

Sura ya 28 ya Ayubu ni shairi la aya 28. Aya ya 1 hadi ya 11 ziko mgodini. Aya ya 12 inauliza, "Lakini hiyo hekima itapatikana wapi?" na aya ya 20 inalirudia swali hilo karibu neno kwa neno. Aya ya 28 inalifunga shairi.

Sehemu ya mgodi inafaa kusomwa taratibu, kwa sababu wengi huiruka wakikimbilia swali. Katika aya ya 3 mchimbaji anakomesha giza na kuchunguza mpaka mwisho kabisa. Katika aya ya 4 shimo liko mbali na makazi, mahali ambapo hakuna mguu upitao, na watu wananing'inia na kuyumbayumba. Mchimbaji mdogo wa Geita au Mererani anayeshuka duarani kwa kamba hahitaji kufafanuliwa aya hiyo. Aya ya 5 inasema juu ya ardhi hutoka chakula, huku chini kunapinduliwa kama kwa moto. Baadhi ya wafasiri huiona hapo mbinu ya kale ya kuukoka moto kwenye mwamba mpaka upasuke. Aya ya 9 mkono unalishika jiwe gumu na milima inapinduliwa toka mizizini. Aya ya 10 mifereji inakatwa katika mwamba, na aya ya 11 maji yanazuiwa yasichuruzike. Kuchuruzika kwa maji ni adui wa kila mgodi uliokwenda chini sana, na mshairi anajua hilo.

Anajua pia mawe yake. Yakuti samawi ya aya ya 6 ina chembe za dhahabu ndani yake. Maelezo hayo hayafanani na yakuti samawi ya masonara wa leo. Yanafanana na lapisi lazuli, jiwe la buluu lenye chembe zinazong'aa kama dhahabu, lililosafirishwa na wafanyabiashara wa kale kutoka Badakhshan, katika Afghanistan ya leo. Na shaba haikuwa ngeni katika nchi hizo. Machimbo ya Timna, kaskazini mwa Ghuba ya Akaba, na ya Faynan upande wa Yordani yalifanya kazi karne nyingi kabla ya kitabu cha Ayubu kuandikwa. Huko Timna yako mashimo ya wima ambayo kuta zake zimechongwa vipandio vya kushukia.

Katikati ya maelezo hayo mshairi anawaleta ndege mla nyama, kipanga na simba (aya ya 7 na 8). Macho makali ya ndege hayajaiona njia ya mgodini, na mnyama mwenye kiburi hajaikanyaga. Binadamu ameipita. Hizi ni sifa zisizo na kejeli, na ndiyo sababu sura hii haiwezi kutumiwa kuibeza elimu au utafiti. Kama mshairi angetaka kumdogosha binadamu, asingempa aya 11 nzima za ushindi kwanza. Sehemu hiyo inamalizika na kilichofichika kikitolewa nuruni.

Ndipo linakuja swali la aya ya 12, na wanaoulizwa wanajibu mmoja mmoja. Kilindi kinasema hekima haimo ndani yake, bahari inasema haiko kwake. Soko nalo linashindwa: kutoka aya ya 15 hadi ya 19 dhahabu inatajwa mara tano kwa maneno manne tofauti ya Kiebrania, pamoja na fedha iliyopimwa kwa mizani (ndivyo watu walivyolipana kabla ya sarafu kuenea), shohamu, marijani, bilauri, na topazi ya Kushi, nchi iliyokuwa kusini mwa Misri katika Sudan ya leo. Hata kioo kimewekwa mstari mmoja na dhahabu, kwa kuwa wakati ule kilikuwa kitu adimu. Hakuna kinachotosha kuinunua hekima. Aya ya 22 Uharibifu na Mauti wanasema wamezisikia habari zake kwa masikio tu. Yaani hata kufa hakumpi mtu jibu.

Kwa nini haipatikani

Aya ya 23 hadi ya 27 zinaeleza sababu, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita mbio. Mungu anaijua njia ya hekima kwa kuwa anatazama hata miisho ya dunia na kuona kila kilicho chini ya mbingu. Aliiona wakati maalumu: alipoupa upepo uzito wake, alipoyapima maji, alipoiwekea mvua sheria na radi njia. Kisha vinafuata vitendo vinne katika aya ya 27: aliiona, akaitangaza, akaithibitisha, akaichunguza. Hicho kitendo cha mwisho ni kile kile cha mchimbaji katika aya ya 3. Mungu na mchimbaji wanafanya kazi ya jina moja.

Kwa hiyo tofauti yao haiko kwenye bidii. Mchimbaji hajakosa juhudi, wala zana, wala ujasiri. Anachunguza kitu kimoja kilichopo mahali pamoja, na kitu cha namna hiyo kinachimbika. Hekima inayoulizwa hapa ni mpango wa vitu vyote kwa pamoja: uzito wa upepo ukilinganishwa na kipimo cha maji, mvua ikilinganishwa na radi. Kitu hicho hakikai mahali. Shairi linataja "mahali" tena na tena, mahali pa dhahabu, mahali pa yakuti samawi, mahali pa ufahamu, mpaka msomaji anagundua kwamba swali la "wapi" ndilo lisilofaa. Anayeweza kuuona mpango mzima ni yule aliyekuwapo ulipopangwa na anayeona kote kwa wakati mmoja. Binadamu yumo ndani ya mpango huo, na kutoka ndani hawezi kuuona wote.

Aya ya 28 inasema: "Tazama, kumcha Bwana ndiyo hekima, na kujitenga na uovu ndio ufahamu." Makosa matatu hufanyika hapa.

La kwanza ni kuifanya aya hii kuwa ufunguo wa fumbo: mche Mungu, utaelewa kwa nini unateseka. Lakini Ayubu 1:1 inamtambulisha Ayubu kuwa mtu mcha Mungu na mwenye kuepukana na uovu, na Mungu mwenyewe anayarudia maneno hayo katika 1:8 na 2:3. Ayubu alikuwa nayo hekima ya aya ya 28 tangu siku ya kwanza, na bado alikaa majivuni akijikuna kwa kigae. Msomaji amesoma mazungumzo ya mbinguni kati ya Mungu na Shetani katika sura mbili za mwanzo. Ayubu hayajui, na kitabu kinamalizika bila yeye kuambiwa. Kwa hiyo aya ya 28 haimpi binadamu hekima ile ya aya ya 27. Inampa kazi ya kufanya wakati hana hekima hiyo.

Kosa la pili ni kuifanya amri ya kunyamaza. Baada ya shairi hili Ayubu hanyamazi. Sura ya 29 hadi ya 31 anadai shauri lake lisikilizwe, kwa sauti ya juu kuliko mwanzo. Na katika 42:7 Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa marafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu na kubishana naye, kwamba yeye na wenzake wawili, Bildadi na Sofari, hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, kisha anawaagiza watoe ng'ombe saba na kondoo waume saba, na Ayubu awaombee. Waliotoa majibu ya hakika juu ya mpango wa Mungu ndio waliokosea. Aliyeuliza alithibitishwa.

Kosa la tatu ni kulitenga shairi hili na hotuba ya Mungu. Sura ya 28 inatangulia kuyataja mambo ambayo sura ya 38 itayageuza kuwa maswali. Njia ya radi ya 28:26 inarudi kwa maneno yale yale ya Kiebrania katika 38:25, na aya inayofuata inataja mvua inyeshayo mahali pasipo na mtu. Kwa nini mvua inyeshe pasipo na mtu wa kuitumia? Ni mojawapo ya maswali makubwa ya kitabu, maana linaonyesha kwamba mpango haukuundwa kwa kumzunguka binadamu peke yake. Katika 38:31 Ayubu anaulizwa kama anaweza kukifunga Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wetu wamelitumia kujua majira. Ayubu angeweza kukitazama Kilimia na kupanda kwa wakati. Kukiongoza ni jambo jingine.

Kuhusu msemaji wa sura ya 28, wataalamu hawajakubaliana. Utulivu wake haufanani na ukali wa Ayubu katika sura zinazoizunguka, na mzunguko wa tatu wa hotuba za marafiki na majibu ya Ayubu una dalili za kuvurugika: Bildadi ana aya sita tu (sura ya 25), Sofari hana hata moja. Wako wanaoona kwamba ni sauti ya mshairi mwenyewe akisimamisha mjadala, wengine humpa Elihu, kijana anayeingia mjadalani baadaye. Kwangu hoja ya sauti ya mshairi ndiyo nzito zaidi, lakini maana ya shairi haitegemei uamuzi huo.

Mithali si nyepesi kama inavyodhaniwa

Watu husema Mithali ina matumaini na Mhubiri amekata tamaa. Si hivyo kabisa. Mithali inafundisha hekima ya Bezaleli iliyopanuliwa kuwa ustadi wa kuishi: namna ya kusema, kukopesha, kulea, kukaa na mfalme. Hekima hiyo hupatikana kweli kwa anayeitafuta. Lakini kitabu hicho hicho kinaweka mpaka mara kwa mara. Moyo wa mtu hufikiri njia yake, hatua huongozwa na Bwana (16:9). Farasi hutayarishwa kwa siku ya vita, ushindi hautoki kwa farasi (21:31). Angalia kwamba farasi anatayarishwa hata hivyo.

Mfano ulio bora ni Mithali 26:4-5. Aya ya kwanza inasema usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, inayofuata inasema mjibu. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale (Shabati 30b), inaeleza kwamba wenye hekima waliwahi kutaka kukiweka kando kitabu cha Mithali kwa sababu ya kupingana kwa namna hiyo, na Mhubiri vilevile, na wakapata njia ya kupatanisha: aya moja wakaielekeza kwenye mambo ya Torati, nyingine kwenye mambo ya kawaida. Mwandishi aliyeziweka aya hizo bega kwa bega hakusahau alichoandika. Anaonyesha kwamba kanuni zote mbili ni za kweli, na kwamba kitabu hakiwezi kukuambia ni ipi inayotakiwa leo, mbele ya mpumbavu huyu.

Jaribio la Mhubiri

Mhubiri anajitambulisha kwa vazi la kifalme, mwana wa Daudi katika Yerusalemu. Lugha yake ni ya baadaye sana kuliko Sulemani: ina maneno mawili ya Kiajemi, moja la bustani katika 2:5 na jingine la hukumu katika 8:11. Kwa upande wa pili, vipande vya kale zaidi vya kitabu hiki, vilivyopatikana Kumrani karibu na Bahari ya Chumvi, katika pango la nne, ni vya karne ya 2 KK. Basi kiliandikwa kati ya enzi ya Waajemi na mwanzo wa enzi ya Wayunani.

Anachofanya ni jaribio lenye utaratibu. Swali liko 1:3: mtu ana faida gani kwa kazi yake yote? Chombo cha kupimia ni hekima, na anasisitiza kwamba aliendelea kuwa nayo wakati wote wa jaribio (2:3, 2:9). Anajaribu mvinyo, majumba, mizabibu, bustani, watumwa, fedha, waimbaji. Kisha anaipima hekima yenyewe. Matokeo ya kwanza mara nyingi husahaulika: hekima inaupita upumbavu kama nuru inavyopita giza (2:13). Hasemi kwamba hekima haifai kitu.

Hekima inakwama mahali mahususi. Kifo kinampata mwenye hekima na mpumbavu sawasawa. Urithi unaangukia mtu ambaye hujui atakuwa mwerevu au mjinga (2:19). Majira yamepangwa, jozi 14 katika 3:1-8, na binadamu ana hamu ya kuyajua yote ilhali hawezi "kuivumbua kazi ya Mungu anayoifanya, tangu mwanzo hata mwisho" (3:11). Na ajali haichagui: wenye mbio hawashindi kila mara, mtu hunaswa kama samaki wavuni (9:11-12).

Kikwazo cha mwisho si cha mbinguni, ni cha watu. Katika 9:13-16 kuna mji mdogo wenye watu wachache. Mfalme mkuu anauzingira na kujenga maboma juu yake. Ndani yumo maskini mmoja mwenye hekima, na yeye anauokoa mji kwa hekima yake. Hakuna aliyemkumbuka. Mhubiri anamalizia kwamba hekima ni bora kuliko nguvu, lakini ya maskini hudharauliwa na maneno yake hayasikilizwi. Hekima ilipatikana, ilifanya kazi, na jamii ikaitupa kwa sababu ya mfuko wa aliyekuwa nayo. Mahubiri juu ya mipaka ya akili yakiiacha habari hii, yanamsingizia Mungu kosa lililo letu.

Kutoka 7:24 hadi 7:29 kitenzi cha "kupata" au "kuvumbua" kinatokea mara nane, na katika 8:17 mara tatu, zote tatu zikiwa za kukosa. Anahitimisha kwamba hata mwenye hekima akidai anajua, hawezi kuiona kazi yote ya Mungu.

Halafu sura ya 11 inashuka shambani. Neno "hujui" linarudi mara nne katika aya sita, na kutokujua huko kunazaa kazi. Hujui baya gani litaijia nchi, kwa hiyo gawa fungu lako kwa saba, hata kwa wanane. Anayeutazama upepo hatapanda. Hujui mifupa inavyokua tumboni mwa mjamzito. "Asubuhi panda mbegu zako, wala jioni usiuzuie mkono wako, kwa maana hujui zipi zitakazofanikiwa." Angekuwa na hakika ya msimu angepanda mara moja. Kwa kuwa hana, anapanda mara mbili. Sura ya 10 ilikuwa imetoa shauri la namna hiyo hiyo: shoka likiwa butu, linoe, usiongeze nguvu tu (10:10).

Aya inayotumiwa vibaya

"Mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu" husemwa misibani na darasani ili kumfunga mdomo anayeuliza. Aya hiyo, Kumbukumbu la Torati 29:29, ina nusu ya pili: yaliyofunuliwa "ni yetu sisi na watoto wetu milele", ili yatendwe. Katika hati za Kiebrania herufi 11 za "yetu sisi na watoto wetu milele" zimewekewa nukta juu yake, ishara adimu iliyopo mahali 10 tu katika Torati. Macho ya waandishi yalisimama kwenye nusu ya pili.

Aya zinazofuata upesi katika sura ya 30 zinaendeleza hoja. Amri haiko mbinguni hata useme nani atatupandia, wala haiko ng'ambo ya bahari hata useme nani atatuvukia (30:11-14). Neno liko karibu sana, kinywani na moyoni. Mkufunzi wa Biblia anayeanza somo na Ayubu 28:14, ambako bahari inasema hekima haiko kwangu, anafanya vizuri kuisoma Kumbukumbu 30:13 papo hapo. Mpango wa ulimwengu hauko kwetu. Kumtendea haki mgeni, yatima na mjane hakuhitaji safari ya kuutafuta.

Mithali 25:2 nayo isomwe yote: ni utukufu wa Mungu kuficha jambo, "bali ni utukufu wa wafalme kuchunguza jambo." Kuficha na kuchunguza vyote vinaitwa utukufu.

Mwishoni mwa Mhubiri, kuanzia 12:9, anasema mtu mwingine anayemzungumzia Mhubiri kama "yeye". Wengi hukimbilia 12:13, mche Mungu na uzishike amri zake, wakiona kwamba hapo mhariri anakanusha yaliyotangulia. Lakini huyo mhariri anaanza kwa kumsifu: alikuwa na hekima, aliwafundisha watu maarifa, akapima, akachunguza, akazipanga mithali nyingi kwa utaratibu. Kitendo cha katikati, kuchunguza, kinatoka katika shina moja na kazi ya mchimbaji na ya Mungu katika Ayubu 28. Na aya inayofuata inasema alitafuta kupata maneno ya kupendeza, yaliyoandikwa kwa unyofu, maneno ya kweli. Baada ya "sikupata" zote za sura ya 7 na ya 8, hicho ndicho kitu ambacho mhariri anashuhudia kwamba Mhubiri aliendelea kukitafuta.